Aliyenituma Ng'ambo ya Athi

Siku niliyoondoka nyumbani peke yangu naikumbuka kuliko siku niliyoolewa, mwanangu. Ya kuolewa ilikuwa na watu wengi na kelele nyingi, na kila mmoja aliisimulia kwa namna yake. Hii nyingine ilikuwa yangu mimi. Sasa niko hapa Kalamba kwa kijana wangu, macho yamechoka, lakini nikiyafumba naiona njia ile yote kutoka Kitui mpaka Mbumbuni. Kaa nikueleze. Usiharakishe, safari yako itakungoja, chai bado iko jikoni.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Mume wangu Kilonzo alikuwa amechukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, pamoja na vijana wengine wa kwetu, na hatukujua kama yu hai. Mimi, Mutindi, nilikuwa bado msichana kwa jinsi mnavyohesabu ninyi leo, lakini tayari nilikuwa mama. Nilikuwa na mtoto wa kike, Mwende, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Tuliishi kwa baba mkwe wangu, Mzee Nzioka, upande ule wa Kitui unaoteremka kuelekea mto Athi.

Mvua ilikataa. Msimu uliofuata ikakataa tena. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama, mbuzi waliobaki wakabadilishwa kwa unga, na unga ukaisha. Tulichemsha mizizi. Tulitwanga mbegu za porini ambazo siku za heri hata mbuzi hawazigusi. Wanawake wa kijijini walijikusanya wakaenda pamoja milimani kutafuta chakula kwa jamaa zao, maana ndiyo ilikuwa desturi yetu njaa ikizidi: wanawake huenda kwa kundi, na mzee mmoja au wawili huwasindikiza. Mimi nilibaki kwa sababu Mwende alikuwa na homa. Homa ilipomwachia, wenzangu walikuwa wamekwenda zamani, na ndani ya mtungi wa unga hapakuwa na kitu cha kukwangua.

Ng'ambo ya Athi, huko Mbumbuni, nilikuwa na mjomba aliyeitwa Mulwa. Watu walisema kule juu mihogo ilikuwa bado ardhini. Nilikuwa nikiliwazia jambo hilo kimyakimya, kwa sababu mke wa mtu hakuwa anasema tu, "Naenda."

Sasa ujue kwamba siku zile mke wa mwana hakuzungumza na baba mkwe uso kwa uso. Ilikuwa heshima. Mkikutana njiani, wewe ulitoka pembeni mpaka apite. Basi asubuhi moja nilikuwa ndani ya nyumba na mama mkwe, Nthenya, tukimnywesha Mwende maji ya moto, nikasikia mzee amesimama nje, karibu kabisa na ukuta. Alikohoa ili tujue ni yeye. Akasema huku ametugeuzia mgongo, nilimwona kupitia upenyo wa mlango:

"Mwambie mama Mwende aende kwa mjomba wake. Mtoto abaki nawe."

Mama mkwe akasema, "Aende na nani?"

"Na nani? Nani amebaki mwenye miguu?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini asiseme ni mimi niliyemtuma. Watu watasema Nzioka ameshindwa kulisha nyumba ya mwanawe, akamtupa mke wa mwanawe porini peke yake."

Hayo ndiyo maneno yake. Siyaongezi, wala siyapunguzi. Nilimsikia mimi, na Nthenya alimsikia. Wakati ule sikuyapima, mwanangu. Niliyaona ni maneno ya mzee mwenye aibu, nikamhurumia. Nilichukua kiondo changu kikubwa na ukanda wake wa ngozi, nikachukua kibuyu cha maji, nikamfunika Mwende vizuri. Alikuwa amelala. Sikumwamsha, nikaogopa atanililia.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema kanisani. Asubuhi ile, njiani, nilifurahi. Njaa ilikuwa inaniuma, mtoto wangu nilikuwa nimemwacha, lakini tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kutembea mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita. Hakuna aliyesema Mutindi leta maji, Mutindi mbona kuni ni mbichi. Niliimba. Nilipochoka kuimba nilizungumza peke yangu kwa sauti, nikajibizana na mume wangu aliye Bama, nikacheka. Kama kuna siku nyingine nimekuwa mwepesi hivyo, basi nimeisahau.

Jua lilipokuwa limepanda sana nilikutana na mwanamume aliyekuwa akiswaga punda wawili waliobeba ngozi. Alinisalimu vizuri tu. Kisha akatazama njia nyuma yangu, akatazama mbele yangu.

"Mama, mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema, "Mume wangu anakuja nyuma. Amesimama kidogo kwa rafiki yake."

"Ah, vizuri," akasema. Akawafunga punda wake kwenye mti wa mwiba, akaketi kivulini, akanyoosha miguu. "Basi tumngoje. Jua ni kali, na mimi napenda kumsalimu mwanamume mwenzangu."

Mwanangu, nilikaa nikimngoja mtu ambaye hakuwepo. Nikiondoka, nimejionyesha kuwa mwongo, tena mtu aliye peke yake. Nikikaa, kivuli kinahama, na yule bwana anasogea nacho, kila mara akiwa karibu nami zaidi kidogo. Hakunigusa. Alikuwa akiniuliza tu mambo madogo madogo kwa upole: huyo mumeo ni mrefu au mfupi, huyo rafiki yake anaitwaje. Aliuliza huku akitabasamu, na kila jibu nililotoa alilirudia polepole.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke ikifoka kutoka bondeni. "Wewe! Nimekutuma udongo, wewe unakaa kupiga domo na wanaume? Inuka!"

Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, amebeba kiondo cha udongo wa kufinyangia, matope mpaka kwenye viwiko. Sikuwa nimewahi kumwona maishani mwangu. Nikainuka kama mtoto aliyekosa, nikachukua nusu ya udongo wake, nikamfuata bila kugeuka. Yule bwana wa punda alibaki ameketi pale pale.

Mama huyo aliitwa Syombua. Alikuwa mjane, mfinyanzi wa vyungu, na nyumba yake ilikuwa karibu na kivuko cha Athi. Alinipa uji mwembamba wa mtama, ambao najua ulikuwa wa kwake wa jioni, kisha akanigombeza.

"Nani amekufundisha kumzua mwanamume asiyekuwepo?"

"Nilifikiri wataniogopa, mama."

"Ukimtaja mwanamume, watamngoja mwanamume. Sema unakwenda kwa mwanamke. Mtaje kwa jina. Sema anakungoja leo hii, na kwamba usipofika atakuja mwenyewe kukutafuta. Mwanamke hawamngoji. Hawajui wamfanye nini."

"Kama hakuna mwanamke ninayemwendea?"

"Basi sema unakwenda kwa Syombua," akasema. "Mimi nipo."

Kesho yake alinivusha mto. Athi ulikuwa umepungua, unapita katikati ya mchanga, lakini mamba walikuwepo, na yeye alijua wanapolala. Nikapanda kuelekea Mbumbuni. Njiani niliulizwa tena, na tena, na kila mara nikasema naenda kwa Syombua wangu, nikaachwa nipite.

Mjomba Mulwa aliponiona aliweka mikono kichwani. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo alicheka na kulia pamoja. Mkewe alinipikia mihogo na kunde, akanizuia nisile haraka nikafa. Waliniuliza habari za Mwende kabla ya habari nyingine yoyote. Walinijazia kiondo makopa, hiyo mihogo iliyokaushwa, na juu yake mahindi. Mjomba alitaka kunisindikiza, lakini mguu wake ulikuwa na kidonda kilichofungwa majani na alikuwa anachechemea. Mpwa wa mkewe, kijana waliyeishi naye, hakuwepo. Nikasema nitakwenda mwenyewe, njia naijua. Nilisema kwa kiburi kidogo, kwa sababu safari ya kuja ilikuwa imenipa moyo.

Nilipokaribia mto upande ule wa Makueni niliwakuta askari wa hedimani, mtu wa chifu katika sehemu hiyo. Serikali ilikuwa imetoa amri nafaka isivushwe bila kibali. Mimi sikujua. Wanawake waliokwenda kwa makundi walikuwa na wazee waliowaombea vibali, wakapita. Mimi nilikuwa peke yangu na kiondo kimejaa.

Walinipeleka kwa hedimani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja mbele ya nyumba yake, amevaa koti kuukuu la kizungu. Hakuniuliza habari za chakula hata kidogo.

"Wewe ni mke wa nani?"

"Wa Kilonzo, mwana wa Nzioka, wa Kitui. Yuko Keya."

"Na nani amekutuma huku peke yako?"

Nikanyamaza. Niliyakumbuka maneno ya baba mkwe, nikaona nikimtaja nitamvua nguo mbele ya watu wa ng'ambo. Nikasema nimekuja kwa mjomba wangu.

"Sikukuuliza umekuja kwa nani. Nimekuuliza nani amekutuma."

Nikanyamaza tena. Akawaambia askari wake, "Huyu ametoroka. Mume yuko vitani, yeye anazunguka. Chakula kitabaki, na yeye atabaki, mpaka mwanamume wa kwao aje kumchukua."

Nilipoona wananishika ndipo nilipopiga kelele kwamba baba mkwe wangu ndiye aliyenituma, kwamba wamwulize. Hedimani akacheka. Mtu aliyenyamaza mwanzo akisema mwisho, nani anamwamini?

Nilimtuma mzee mmoja muuza asali aliyekuwa anavuka kwenda Kitui. Nilimpigia magoti. Nikamwambia: mwambie Mzee Nzioka aje, au atume mtu yeyote mwenye ndevu, mtoto anangoja chakula. Akaniapia kwamba atafika, na alifika kweli. Nilianza kungoja.

Kazi yangu pale ilikuwa kuchota maji na kutwanga. Nilitwanga mahindi yangu mwenyewe, mwanangu, yale ya mjomba, kwa ajili ya watoto wa hedimani. Sikuwachukia wale watoto, walikuwa na njaa nao. Lakini kila nikiinua mchi nilikuwa naona mdomo wa Mwende.

Usiku nililala jikoni kwa mke mkubwa wa hedimani, mwanamke mkavu, asiye na maneno mengi. Kila jioni alifunga mlango kwa gogo, akalala kati yangu na mlango. Siku moja nilimshukuru. Akasema, "Usinishukuru. Silali hapa kwa ajili yako. Nalala hapa kwa ajili yangu." Lakini alilala hapo, na hakuna mtu aliyenigusa. Hilo nalisema waziwazi, kama nilivyolisema wakati ule, ingawa wakati ule hakuna aliyelitaka.

Yule mzee wa asali alirudi. Nilimkimbilia njiani na mtungi kichwani.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alisemaje?"

Alitazama pembeni. "Mwanangu, nilimweleza yote. Hakusema neno. Alinipa maji ya kunywa."

Nikamwuliza kama alimwona mtoto. Akasema alimwona mtoto mdogo amelala kivulini, hajui ni wa nani. Nilimwuliza alikuwa anapumua vipi. Akageuka, akapanda njia yake.

Aliyekuja kunitoa ni Syombua. Alisikia sokoni kwamba kuna mwanamke wa Kitui amezuiwa, akajua ni mimi. Alikuja na chungu kipya kichwani, akakitua mbele ya hedimani, akasema, "Nimekuja kumchukua binti yangu."

"Binti yako? Huyu amesema ni wa Kitui."

"Ameolewa Kitui. Kuzaliwa alizaliwa mara moja, na mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwepo?"

Askari wakacheka. Nafikiri hedimani alikuwa ameshachoka nami, au alikuwa amesahau kwa nini nipo. Alisema, "Mchukue basi, umfundishe adabu." Mke mkubwa aliniletea kiondo changu. Yaliyobaki hayakufika nusu, makopa matupu, mahindi yalikuwa yamekwisha. Juu yake alikuwa ameweka konzi ya kunde za kwake.

Sikulala kwa Syombua. Nilivuka na kutembea moja kwa moja, nikikimbia penye kukimbilika. Safari hii sikuimba.

Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, amenyoosha miguu. Nilitazama mapajani pake, nikatazama nyuma yake ndani.

"Mama, Mwende yuko wapi?"

Nthenya alisema neno moja tu. "Ulikawia."

Walikuwa wamemzika nyuma ya boma, karibu na mahali palipokuwa zizi la ndama. Udongo ulikuwa bado haujakauka vizuri. Sitakueleza nililofanya pale, kwa sababu sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba jioni ile mihogo ilipikwa. Walikula. Na mimi nilikula. Tumbo lilikuwa linataka, mkono ukaenda, mdomo ukatafuna. Mpaka leo nashangaa mwili ulivyo.

Vita vilipokwisha Kilonzo alirudi. Alikuwa amekonda na amekuwa mtu wa kushtuka akisikia mlango. Kabla hajamaliza kupokewa alikuwa ameshaambiwa: mkeo alitembea peke yake, akakaa kwa hedimani ng'ambo ya mto, mtoto akafa yeye hayupo. Kila neno hapo ni kweli, mwanangu. Angalia jinsi maneno ya kweli yanavyoweza kupangwa.

Wazee waliitwa. Niliketi chini, kando, kama ilivyo. Waliniuliza nililala wapi. Nikasema, jikoni kwa mke mkubwa, mlango umefungwa kwa gogo. Wakatazamana. Waliniuliza nani aliniruhusu kwenda. Nikasema, "Baba alinituma."

Wote wakamgeukia Mzee Nzioka. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Alitazama ardhi. Nilimtazama usoni siku hiyo, heshima au hakuna heshima, nikangoja. Nikamtazama mama mkwe pia, aliyekuwa amesimama na wanawake. Alijifunga leso upya kiunoni, akaangalia mbali.

Mzee Nzioka hakusema kwamba naongopa. Hata hilo hakulisema. Alinyamaza tu, na ukimya wake ulitosha. Mzee mmoja akasema, "Basi, yamepita, mtoto amekwenda, tuwaache vijana wajenge nyumba yao." Wakaondoka wakiona wamenihurumia.

Kilonzo hakunipiga. Hakunirudisha kwetu. Jioni ile aliniuliza mara moja, ndani ya nyumba yetu, "Mutindi, ulilala wapi?" Nikamjibu vile vile. Akasema, "Haya." Hakuniuliza tena. Tulizaa watoto wengine, wavulana wawili. Lakini kila mwanamume akipita njiani na kunisalimu, Kilonzo alikuwa anamtazama, kisha ananitazama mimi.

Miaka mingi baadaye, tukitwanga pamoja, Nthenya aliacha mchi wake hewani akaniambia, "Alipokuja yule mzee wa asali, baba yenu alichukua fimbo akatoka. Alifika pale kwenye lango la boma. Alisimama muda mrefu. Akarudi, akasema, 'Nikienda wataniuliza ilikuwaje mke wa mwanangu akasafiri peke yake. Nitawaambia nini?' Akaketi." Kisha akaendelea kutwanga.

Nikamwuliza, "Na wewe, mama? Siku ile ya wazee?"

Akasema, "Mimi ningelala wapi usiku huo?"

Nikainua mchi wangu, tukaendelea. Mzee Nzioka alikuwa ameshakufa wakati huo. Nilikuwa nimemwosha miguu alipougua, na hakuwahi kunitajia jambo lile.

Ikafika miaka ya hamsini. Kilonzo alipata kazi ya reli kule Mtito Andei. Alipokaa akapata chumba, akatuma neno kwa dereva wa lori: mama watoto apande, nitamngoja pale kituoni. Nilifunga mzigo. Niliwavalisha watoto. Tulifika barabarani mapema, lori likaja, turniboi, yule msaidizi wa dereva, akafungua nyuma, akampandisha mkubwa.

"Mama, unapanda ama hupandi?"

Mguu wangu ulikataa. Nilikuwa nimeshika ubao wa lori, nataka, na mguu hauinuki. Lori lilikuwa na wanaume watupu. Nilikuwa nawaza nitakavyoshuka kule, Kilonzo amesimama, na kabla hajasema karibu, anatazama ni nani ameketi karibu nami. Nikamteremsha mtoto. Turniboi akapiga mlango, lori likaenda.

Kilonzo aliona nimemkataa. Nilimtumia maneno, naye akanitumia maneno, lakini mambo kama hayo hayapelekwi na dereva. Akaoa kule. Mwanzo alikuwa akija wakati wa Krismasi, akaleta sukari na nguo za watoto. Baadaye akawa haji. Dada yangu alipougua sana upande wa pili wa Kitui, nilikaa siku nyingi nikitafuta mtu wa kwenda naye. Nilipompata, alikuwa ameshazikwa. Syombua naye sikumwona tena. Mtu aliyesema "mimi nipo" nilishindwa kuvuka mto kwenda kumsalimu.

Sitakudanganya kwamba nimepona, mwanangu. Watu huja hapa wakitaka mzee awaambie kwamba mwisho wote huwa mzuri. Huu wangu haukuwa mzuri. Mtoto wangu hakurudi, jina langu halikurudi, na miguu yangu ilikufa ningali kijana, ikabaki ya kwenda shambani na kanisani tu.

Lakini sikiliza. Sikuambii usiende. Wengine wa rika langu watakuambia hivyo, na watanitaja mimi kama mfano. Wakinitaja, wakatalie. Njia haikunifanyia lolote. Mto ulinivusha, jua lilinichoma kama linavyomchoma kila mtu. Walioniua ni watu waliokuwa wameketi nyumbani.

Kwa hiyo, kabla hujatoka, yule anayekutuma na atoke nje, asimame mbele ya majirani, aseme kwa mdomo wake: nimemtuma mimi. Akikataa kusema, weka mzigo chini. Hata kama ni baba yako. Hata kama chakula kimekwisha, na najua ninachokisema. Ukiulizwa njiani, usinyamaze kwa ajili ya kumfichia mtu aibu yake. Sema mapema, sema jina. Ukizuiwa, watafute wanawake kwanza, hata wale wasiotabasamu. Na ukirudi umekuta watu wameyapanga mambo yako bila wewe, usikae kando ardhini ungoje mtu akusemee. Simama.

Na wewe mvulana uliyekaa hapo nyuma unasikiliza kama haikuhusu, yako ni hii. Siku mkeo au dada yako atakapotoka safari, mpokee mzigo. Mpe maji. Mwulize kama miguu inauma. Ukiona swali lile lingine linakuja mdomoni, limeze, hata likikukwama. Na ikiwa wewe ndiye uliyemtuma, useme, hata kama wazee wote wa Ukambani wamekuzunguka.

Basi sogea, wewe unayesafiri. Mchungaji wetu hapendi nikifanya hivi, anasema ni mambo ya zamani, lakini leo hayupo. Fungua kifungo nikutemee mate ya baraka kifuani kama bibi yangu alivyonitemea. Tfu. Uende, mwanangu, na mguu wako usiwe mzito. Maji yakupungukie unapovuka. Ufikie mlango uliofunguliwa. Anayekujua akutaje mbele ya watu wala asikuonee haya. Na utakaowaacha nyumbani, Mungu akuwekee wote, mpaka mdogo kabisa, uwakute wanapumua.